Mashine za alama za vidole zinunuliwe pamoja na umeme wake

Mhariri,

Siku hizi Mkenya haendi mbali kabla hajaombwa aweke kidole kwenye mashine. Mgonjwa wa SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hutambuliwa kwa alama za vidole. Mpigakura vilevile. Pale Industrial Area, vibarua wengi huingia kazini kwa kidole na kutoka kwa kidole. Sizipingi mashine hizo. Kuzifunga na kuzirekebisha ndiyo kazi inayonilisha hapa Nairobi, na najua zimeziba mianya mingi ya wizi. Ninachopinga ni mazoea ya kununua mashine bila kununua umeme wa kuiendesha.

Stima ikipotea, hasara haimpati aliyetia sahihi zabuni. Inampata mama aliyeketi na mtoto mwenye homa akiambiwa asubiri “sistimu irudi”, na kibarua anayebaki akibishana na karani kwamba kweli alifika kazini. Na stima hupotea. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, hata uwanja wa ndege wa JKIA, ambako jenereta ya sehemu ya abiria ilikataa kuwaka. Desemba mwaka huohuo giza likarudi. Hayo ni yale makubwa yaliyotangazwa. Sisi wa Eastlands tunayajua madogo ya kila mara, transfoma ikilipuka jioni na mtaa mzima ukasubiri hadi kesho yake.

Uchaguzi wa Machi 4, 2013 ungetosha kutufunza. Baadhi ya mashine za kutambua wapigakura zilitegemea laptopu, na vituo vingi vilikuwa madarasa ya shule za msingi yasiyo na soketi hata moja. Betri zikaisha foleni ikiwa bado ndefu, makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Vishikwambi vya 2017 na 2022 vina nafuu kwa sababu hula umeme kidogo. Hata hivyo, kura hupigwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni wakati wa kufunga ana haki ya kupiga kura. Betri basi haina budi kuvuka muda wa saa 11 hizo na kubaki na akiba. Betri ya lithiamu iliyolala stoo tangu uchaguzi uliopita huwa imepungua nguvu, hasa ikiwa ilihifadhiwa kwenye joto au ikiwa tupu. Uchaguzi wa Agosti 10, 2027 si mbali. Betri hizo zipimwe mapema, moja baada ya nyingine, na zilizochoka zitupwe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba tatizo hili halihitaji mabilioni. Kisoma vidole cha kawaida hupata umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB, na tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu. Hiyo ni wati mbili na nusu, chini ya balbu ya LED ya sebuleni. Ongeza laptopu ya wati 40 na ruta ya intaneti ya wati 10, hujafika wati 55. Betri moja ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, hata ukitumia nusu yake tu ili isiharibike haraka, inaweza kuendesha dawati zima kwa zaidi ya saa nane. Ukiongeza paneli ya sola juu ya paa, zahanati ndogo haitasimama mchana.

Makosa ninayoyakuta ni yaleyale. UPS, yaani betri ya dharura inayoshika papo hapo stima ikipotea, imewekewa kompyuta, ruta ikasahauliwa. Umeme ukikatika kompyuta inabaki hai, kidole kinasomwa vizuri, lakini hakuna intaneti ya kukilinganisha na kumbukumbu zilizoko kwenye seva. Kwingine wamenunua jenereta kubwa na kudhani wamemaliza, ilhali inachukua sekunde kadhaa kuwaka, na sekunde hizo zinatosha kuzima kila kitu na kukatiza usajili uliokuwa katikati. Kuna wale wanaochomeka kisoma vidole, printa na kamera kwenye kigawanyi kimoja cha USB kisicho na chaja yake. Umeme hautoshi, kisoma vidole kinapotea na kurudi, halafu mzee wa watu anaambiwa vidole vyake vimechakaa. (Vidole vya wakulima na mafundi wa mawe huchakaa kweli, lakini si kila mara.) Tena betri za UPS huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na ni ofisi chache zilizotenga pesa za kuzibadilisha.

Naomba wizara, kaunti na tume ya uchaguzi ziandike umeme ndani ya zabuni yenyewe: betri, inveta ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa soketi, ruta, na bajeti ya kubadilisha betri. Kabla mwenye kuuza hajalipwa, swichi kuu izimwe asubuhi, watu wahudumiwe kama kawaida hadi jioni, na mashine itakayozimika kabla ya muda irudishwe kwa aliyeileta.

Fundi wa elektroniki,
Umoja, Nairobi