Viongozi wa timu wafundishwe wakiwa kazini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonigusa kila ninapoandaa mpango wa mafunzo ya watumishi, ambayo ndiyo kazi yangu hapa Tanga. Taasisi kadhaa ninazozifahamu mjini hapa, za umma na za binafsi, zimeanza kupanga kazi zao kwa utaratibu wa ajaili (agile kwa Kiingereza), yaani timu ndogo kufanya kazi kwa vipindi vifupi na kujirekebisha kila kipindi kinapoisha. Viongozi wa timu hupelekwa kwenye mafunzo ya siku mbili ukumbini, wakarudi na vyeti, halafu kazi ikaendelea vilevile kama ilivyokuwa. Ninaamini kwa dhati kwamba watumishi hawana kosa, na utaratibu wenyewe ni mzuri. Kasoro iko katika namna tunavyowafundisha, kwa kuwa kiongozi wa timu ya aina hii huiva kwa kuifanya kazi yenyewe, akiwa na timu yake mwenyewe, huku mtu mzoefu akiwa pembeni yake kwa muda wa kutosha.

Kwa msomaji asiye karibu na mambo haya, nieleze kwa kifupi. Februari 2001 wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika tamko fupi la ajaili lililotanguliza watu na mashauriano yao kuliko taratibu na zana, na kitu kinachofanya kazi kuliko makabrasha yanayokieleza. Miongoni mwao walikuwamo Ken Schwaber na Jeff Sutherland, ambao mwaka 1995 walikuwa wameshaitambulisha skramu (Scrum), mojawapo ya njia za kufanya kazi kwa ajaili, mbele ya wataalamu wenzao. Katika skramu kazi hugawanywa katika vipindi visivyozidi mwezi mmoja, na kila kipindi hutakiwa kuzaa kitu kinachoweza kuonyeshwa kwa mteja. Timu kwa kawaida haizidi watu 10, hukutana kila siku kwa dakika 15, na kipindi kinapomalizika hukaa kujitathmini jinsi ilivyofanya kazi. Mwongozo wa skramu wa mwaka 2020 hauzidi kurasa 15 na unapatikana bure. Mtu makini anaweza kuusoma asubuhi moja akauelewa, na hapo ndipo tunapojidanganya kwamba amekwisha kuwa kiongozi.

Mmoja wa mitihani inayotambulika duniani kwa viongozi hawa, unaotolewa na Scrum.org, taasisi aliyoianzisha Schwaber mwaka 2009, una maswali 80 ya kujibiwa kwa dakika 60, na alama ya kufaulu ni asilimia 85. Si mtihani mwepesi, na ninamheshimu kila aliyeufaulu. Lakini hauwezi kumweka mtahiniwa mbele ya wenzake walioinamisha vichwa, kila mmoja akijua kazi imekwama wapi na hakuna aliye tayari kusema.

Hali hiyo niliikuta katika ofisi moja hapa mjini. Timu ilikuwa imekusanyika saa mbili na nusu asubuhi mbele ya ubao wenye safu tatu: ya kufanya, inafanyika na imekamilika. Safu ya katikati ilijaa vikaratasi vya njano hadi vikawa vinapandiana, na safu ya mwisho ilikuwa na viwili tu. Kila mtumishi alimgeukia kiongozi, akasema kwamba jana aliendelea na kazi yake na leo anaendelea nayo, kiongozi akaandika kwenye daftari na kumwita anayefuata. Meneja alikuwa amekaa kwenye kiti nyuma yao, akisikiliza. Kanuni zote zilitimia, dakika 15 hazikuzidi, na hakuna hata mmoja aliyezungumza na mwenzake. Kile kilichopaswa kuwa kikao cha timu kupanga siku yake kilikuwa kimegeuka kuwa taarifa kwa bosi.

Kiongozi yule alikuwa kijana mwenye cheti na bidii, na kwa bahati nzuri taasisi yake ilikuwa imemwajiri mwezeshaji wa kuambatana naye. Mwezeshaji hakumsahihisha mbele ya watu. Baada ya kikao walikwenda pembeni, akamuuliza swali moja tu: "Kile kikao kilikuwa cha nani?" Kijana alifikiri kwa muda mrefu kabla ya kujibu kwamba kilikuwa cha meneja. Wakakubaliana mambo mawili ya kujaribu kesho yake. Asimame ubavuni mwa ubao badala ya mbele yake, na aanze na kikaratasi kilicho karibu zaidi na kukamilika, akiuliza kinahitaji nini ili kifike mwisho leo. Meneja naye aliombwa, kwa heshima zote, asihudhurie vikao vya asubuhi kwa wiki mbili, na akakubali. Ninampongeza kwa hilo.

Lakini kazi zilizokuwa zimesimama kwa muda mrefu zaidi zilikuwa mezani kwa mhasibu, mama mtu mzima ambaye kijana yule humwamkia shikamoo kila asubuhi. Hapa ndipo mafunzo ya ukumbini yanapomwacha mtu wetu mikono mitupu. Slaidi zinamwambia aondoe vikwazo vya timu, lakini hazimwambii aanzeje kumweleza mtu wa umri wa mama yake kwamba kazi yake inawachelewesha wenzake, katika mji ambao adabu kwa mkubwa huanza kufundishwa mtoto kabla hajajua kusoma. Mwezeshaji alikaa naye wakaigiza mazungumzo yale mara kadhaa, mmoja akiwa mhasibu na mwingine kiongozi, mpaka maneno yakakaa sawa. Kisha kijana akaenda peke yake mezani kwa mama, nje ya kikao, akasema: "Shikamoo mama. Kuna ankara tatu bado hazijatoka, nimekuja kuuliza tukusaidie nini." Ikabainika kwamba mama alikuwa akisubiri hati za kupokelea mzigo, ambazo timu yenyewe ilikuwa ikichelewa kuziambatisha, na kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Baadaye timu ile ilikubaliana kwamba safu ya katikati isizidi vikaratasi vinne, yaani hakuna kuanza jipya kabla ya kumaliza lililopo. Wazo hilo la kudhibiti kazi zilizo mkononi lina mizizi katika kanban, mfumo uliojengwa katika viwanda vya Toyota nchini Japani chini ya mhandisi Taiichi Ohno. Kulieleza huchukua dakika tano. Kulitekeleza kulileta ubishi wa siku kadhaa, kwa sababu kila mmoja aliona kazi yake ndiyo isiyoweza kusubiri, na ni katika kuusimamia ubishi huo kwa utulivu ndipo kijana yule alipojifunza kuongoza.

Sidai kwamba ukumbi hauna faida. Misingi lazima ifundishwe mahali, na nusu siku ya mazoezi ya vikundi inaitosha. Baada ya hapo ningependa kila kiongozi asindikizwe kwa vipindi vitatu vya wiki mbili mbili: katika cha kwanza mwezeshaji aongoze na kiongozi atazame, katika cha pili kiongozi aongoze na mwezeshaji akae pembeni akiandika anachokiona, na katika cha tatu mwezeshaji aje kwenye kikao cha kujitathmini tu. Viongozi wa taasisi mbalimbali za Tanga wangeweza pia kukutana mara moja kwa mwezi kuelezana yaliyowashinda, kwani mengi yanafanana.

Wala hili si geni nchini kwetu. Mwalimu hapewi cheti bila mazoezi ya kufundisha darasani, na daktari hufanya mwaka mmoja wa kazi hospitalini chini ya usimamizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huendesha mafunzo ya uanagenzi ambayo kijana huyapata sehemu chuoni na sehemu kazini, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali, yaani wa stadi za kazi, katika sekondari. Sioni sababu ya kumnyima kiongozi wa timu ya ofisini njia tuliyoikubali kwa mwalimu na daktari.

Nitaambiwa kwamba gharama ni kubwa. Katika bajeti ninazoziandaa, sehemu kubwa ya fedha za mafunzo ya siku mbili huishia kwenye ukumbi, chakula, nauli na posho za kujikimu, hasa pale watumishi wanapopelekwa Dar es Salaam, na mwezeshaji anayekuja ofisini kwao hahitaji hata kimoja cha hivyo kwa washiriki. Kigumu zaidi kuliko fedha ni wakuu wa taasisi kukubali kwamba kiongozi aliye mafunzoni atakosea mbele ya timu yake, na kwamba taarifa walizozoea kupewa kila asubuhi watazipata kwa kuusoma ubao.

Ninawaomba basi maofisa mafunzo wenzangu, pamoja na wakuu wa vitengo vya ununuzi, kwamba tunapoandika hadidu za rejea za zabuni ya mafunzo ya aina hii, tusiishie kutaja idadi ya washiriki na vyeti. Tumtake mzabuni aeleze atakaa na kila kiongozi mara ngapi akiwa na timu yake, atatazama nini, na kiongozi huyo atapewa mrejesho kwa namna gani. Sehemu ya mwisho ya malipo nayo ishikiliwe mpaka kipindi cha tatu kiishe na timu zenyewe ziwe zimeulizwa ni nini kimebadilika.

Ofisa mafunzo,
Chumbageni, Tanga