Barua ya wazi kwa vijana wa bodaboda wa Msamvu, Morogoro

Wanangu,

Marahaba. Najua mkiniona tu barabarani shikamoo inatangulia, basi nimeitikia kabisa kabla hatujaanza.

Nimesikia kwa mwenyekiti wenu kwamba mnachangishana ili Desemba mpeleke sukari, mchele na sabuni kwenye kituo cha watoto yatima, na kwamba mmeshaulizia bei ya fulana za siku hiyo. Nendeni. Watoto watakula, watafurahi, na picha pigeni. Hela ya fulana ndiyo imenikaa vibaya kidogo, nisiwafiche. Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba mna kitu kingine ambacho hata tajiri wa mji huu hawezi kukiagiza dukani, nacho ni damu.

Nimefanya kazi wodi ya wazazi mpaka nikastaafu. Mama akijifungua na damu ikagoma kukata, anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Huko nje mume anapiga simu, ndugu wanakuja mbio, mikono ya mashati imekunjwa, kila mmoja anasema "toeni yangu". Wa kwanza uzito wake haufiki kilo 50. Wa pili ametoka harusini, mdomo unanuka bia. Wa tatu yuko katikati ya dozi ya malaria. Hata akipatikana mwenye afya njema, damu yake haiingizwi kwa mgonjwa hivi hivi. Lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, kisha ilinganishwe na ya mgonjwa. Wakati hayo yanafanyika, saa inakwenda.

Kwa hiyo anayemwokoa yule mama mara nyingi si mume wala kaka. Ni mtu asiyemfahamu kabisa, aliyejilaza wiki iliyopita akatoa chupa yake, akanywa soda, akaenda zake kazini. Huyo ndiye ninayetaka muwe.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wengi wenye nia njema hukosea hesabu. Damu haitunziki muda mrefu. Chupa moja ni kama mililita 450, haijai hata chupa ya maji ya nusu lita. Ikiwekwa kwenye jokofu lake, nyuzi 2 hadi 6, hukaa wiki tano au zaidi ya hapo kidogo, ikipitiliza ni ya kutupwa. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, zile wanazoongezewa baadhi ya wagonjwa wa saratani, hazifikishi hata wiki mbili. Mkija arobaini siku moja na ngoma na spika, nitawashukuru, lakini mwezi wa tatu kutoka hapo jokofu halitawakumbuka.

Mwanaume anaruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Basi gawanyeni kijiwe mafungu matatu. Fungu la kwanza litoe Desemba, la pili Januari, la tatu Februari, na Machi wa kwanza wanakuwa tayari kurudi. Hakuna mwezi utakaopita mikono mitupu, na hakuna atakayetoa zaidi ya mara nne kwa mwaka. Mnajua kupanga foleni ya abiria bila kugombana (baadhi ya siku), na hili mtaliweza.

Anzeni na Desemba hii hii. Timu za damu salama, zinazozunguka kukusanya damu, hutegemea sana wanafunzi wa sekondari, na Desemba shule zimefungwa. Mwezi huohuo barabara ya Dar es Salaam kwenda Dodoma imejaa mabasi na watu wana haraka ya kufika kwao. Masika nayo ina yake: malaria inapanda, watoto wadogo wanaletwa viganja vyeupe, wameishiwa damu. Na wapo wenye selimundu (siko seli), ambao kuongezewa damu kwao ni sehemu ya maisha. Ya tarehe 10 Agosti 2019 hamhitaji kusimuliwa na mtu. Lori la mafuta liliangukia hapahapa kwenu, likalipuka, watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha, na wengi walikuwa wa rika lenu na kazi yenu. Siku kama ile hakuna anayepata nafasi ya kutangaza uchangiaji wiki moja kabla.

Najua mtakachosema kijiweni. "Damu yenyewe wanatuuzia." Damu haiuzwi. Akitokea mtu akadai hela ya chupa, msimlipe kisha mkaja kulalamika kwenye kahawa. Andikeni tarehe, saa na alikuwa idara gani, mpeleke kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, na ikishindikana pigeni TAKUKURU, wale wa kupambana na rushwa, 113, haina gharama. Mwingine atasema ukitoa mara moja mwili unazoea, usipotoa tena unaumwa. Huo ni uzushi. Maji uliyopoteza yanarudi kwa siku moja au mbili, chembe nyekundu ndani ya wiki kadhaa, utoe tena au usitoe.

Kuna jambo moja nitawaambia kwa ukali wa mama. Kama una wasiwasi na mwenendo wako wa karibuni, usije kujificha kwenye uchangiaji ili upimwe bure. Maambukizi mapya yanaweza yasionekane kwenye kipimo kwa siku au hata wiki kadhaa, na damu hiyo inaweza kwenda kwa mtoto. Nenda kituo cha afya ukapime kama unavyostahili, hakuna atakayekucheka. Utakapojaza ile fomu ya maswali, jibu ukweli hata kama aliyekaa pembeni ni rafiki yako.

Mengine mnayafanya tayari na sina haja ya kuwafundisha. Mjamzito wa saa nane za usiku mnambeba, mwenye hela na asiye nayo. Aliyepata ajali mnamkimbilia kabla ya polisi. Hapo naomba mbadilishe jambo moja tu: msimkunje majeruhi katikati ya pikipiki kama gunia la mkaa. Mkandamizie kitambaa safi panapovuja, kwa nguvu, msiachie, mtafute gari alale. Na kofia ngumu, jamani, ivaeni kichwani. Ile ya kwenye kioo hailindi mtu.

Mwenyekiti aje kwangu Jumapili alasiri na daftari la majina, umri na uzito, kuanzia miaka 18. Nitaongea na watu wa maabara watupangie siku. Siku hiyo mle vizuri asubuhi, mnywe maji ya kutosha, na jana yake msinywe pombe. Pikipiki ziacheni kijiweni, kwa sababu sitaki mtu ainuke kitandani na kuwasha chombo papo hapo. Mtakuja kwa bajaji, na nauli ya kwenda na kurudi nalipa mimi.

Mama yenu,
Nesi mstaafu