Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha shuleni kwetu, hapa Mbagala, na tunakushukuru kwa kukubali kuja kuiona bustani yetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa miaka mingi jembe la shule hii lilikuwa la waliochelewa namba na waliopiga kelele darasani, na ni vigumu mtoto aliyefundishwa kulima kwa adhabu aje kuipenda ardhi. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo, na huko ndiko tunakojitahidi kulirudisha.

Tunalima kwa kuufuata msitu. Katika msitu wa Pugu hakuna anayefagia majani wala kumwaga mbolea, lakini miti inastawi, kwa kuwa majani yanayoanguka huoza na kuilisha mizizi. Ndiyo maana majani ya miembe tuliyokuwa tukiyafagia kila asubuhi na kuyachoma, sasa tunayatandaza juu ya matuta ya mchicha na bamia. Wiki iliyopita, siku ya nne bila mvua, mwanafunzi wa darasa la tatu alifunua matandazo hayo kwa vidole, akakuta mchanga umelowa na nyungunyungu anajivuta kurudi chini. Darasa zima lilichuchumaa kutazama, na hakuna aliyehitaji kuambiwa matandazo yana kazi gani.

Mahindi tumeyachanganya na kunde, ambazo vinundu vya mizizi yake huhifadhi bakteria wanaoipatia mimea naitrojeni kutoka hewani. Maji ya kunawia mikono yanaishia kwenye migomba. Vidukari tunawapulizia maji ya majani ya mwarobaini yaliyotwangwa.

Hata hivyo, mvua za masika zilisomba matuta mawili ya matembele, kwa sababu tuliyachimba kufuata mteremko badala ya kuukata. Tumeyapanga upya.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba tangi la lita 5,000 na mifereji ya kukingia maji ya paa la madarasa kabla ya vuli, kwani kiangazi bomba hukauka na miche hufa mikononi mwetu. Aidha, tunawaomba wazazi mliopo hapa msiyachome majani ya nyumbani. Tupeni, tutayabeba wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.