YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA KUPANDA COTOPAXI, EKUADOR

Moshi,
14 Februari 2019

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Nimepokea jibu lenu la barua pepe mkisema kundi letu halikufika kileleni Cotopaxi mwezi uliopita kwa sababu ya "hali ya hewa ya mlimani". Silikubali. Usiku ule anga lilikuwa safi, nyota tele, na makundi mengine yaliyotoka pamoja nasi kwenye kibanda cha kulala wapandaji yalifika juu na kurudi salama. Kilichotukwamisha ni mipango yenu.

Ratiba niliyoilipia ilionyesha kwamba kabla ya Cotopaxi tungepanda Rucu Pichincha, unaokaribia mita 4,700, kisha Iliniza Norte wenye mita 5,126, ili mwili uzoee hewa nyepesi. Tulipofika Quito, mji mkuu wao, tukaambiwa Iliniza umefutwa, gari halikupatikana. Siku ya Pichincha nayo tukapelekwa Otavalo kwenye soko la vitambaa. Soko ni zuri, sikatai, na shali niliyomnunulia mke wangu anaipenda. Lakini Otavalo iko chini kuliko Quito! Mtu anayejiandaa kupanda karibu mita 5,900 mnamteremsha?

Baada ya hapo tukapandishwa moja kwa moja hadi kibanda cha José Ribas, takriban mita 4,800, na usiku huohuo tukaamshwa kuanza safari ya kileleni. Hapa Moshi hata mpagazi mgeni kazini angewaambia kinachofuata: kichwa kugonga, chakula kugoma, kutapika.

Tangazo lenu linasema aliyefika Uhuru, kilele cha Kibo kwenye Kilimanjaro, ataimudu Cotopaxi, kwa kuwa milima hiyo imepishana mita 2 tu, 5,895 na 5,897. Hesabu ni sahihi, hoja ni mbovu. Kwa njia za kawaida, Kibo unapandwa kwa miguu na fimbo. Cotopaxi unatembea juu ya barafu yenye nyufa za kummeza mtu, umefunga meno ya chuma chini ya viatu, shoka la barafu mkononi, na mmeunganishwa kwa kamba ili mmoja akitumbukia wengine wamzuie. Ndiyo maana mkataba wetu ulitaja kiongozi mmoja kwa wateja wawili, kama ilivyo kawaida kule. Sisi tulikuwa wateja watatu, kiongozi mmoja, kamba moja.

Mwenzetu alipoanza kutapika na kuyumba, kiongozi angefanya nini? Hawezi kumwacha mgonjwa peke yake kwenye barafu gizani, wala kuturuhusu sisi wawili tuendelee bila yeye. Tukageuka wote. Alifanya sawasawa, maana dawa ya kwanza ya ugonjwa ule wa hewa nyepesi ni kushuka, na mgonjwa alianza kupata nafuu tulipokaribia kibanda. Kwa hiyo nilikasirika kusoma kwenye jibu lenu kwamba "kiongozi wa huko aliamua mapema mno". Kijana wa watu alibeba mzigo wa wawili, na sasa mnataka abebe na lawama zenu. Angekuwepo kiongozi wa pili, mmoja angeshuka na mgonjwa na sisi tungeendelea.

Viatu sitavizungumzia sana. Mimi navaa namba 42, nikapewa 45.

Naomba yafuatayo. Mnirejeshee gharama za Pichincha na Iliniza, milima ambayo sikupelekwa, pamoja na sehemu yangu ya malipo ya kiongozi wa pili ambaye hakuletwa. Ile sentensi ya kulinganisha Cotopaxi na Kilimanjaro muiondoe kwenye tangazo kabla haijampeleka mtu mahali pabaya. Na yule kiongozi mmwandikie kumsafisha, nakala niipate, kwa sababu kule jina la kiongozi ndilo linalompa kazi.

Kilele chenyewe sidai. Mlima huo ulifungwa kwa wapandaji tangu ulipolipuka mwaka 2015 hadi 2017, na waliosafiri wakati ule hawakuwa na wa kumlaumu. Sisi tuliukuta wazi.

Nimeambatanisha risiti, mkataba, ratiba ya awali na picha ya kamba yetu ikionyesha watu wanne. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka nakala ya barua hii Tume ya Ushindani.

Wasalaam,

Mteja wenu
(jina na namba ya malipo vimo kwenye risiti)