Wajukuu zangu, imbeni kwa vinywa vyenu

Wajukuu zangu wa Unguja na Pemba, assalaam alaykum.

Juzi nilikuwa harusini, huku Ng'ambo, mjini Unguja. Kidumbak, taarab yetu ya ngoma, kimekolea, sanduku la besi linavuma, fidla inalia, mpiga cherewa za kutikisa jasho linamchuruzika mpaka shingoni. Nyinyi mmejipanga ukutani, simu juu, mnarekodi. Kiitikio hamkuitikia. Kiuno hakikutikisika hata kimoja! Kulipokucha, nyinyi nyinyi mkanijia: "Bibi, moyo mzito, sijui nina nini."

Utaachaje kuwa mzito, mwanangu? Mtu akiimba huvuta pumzi ndefu, kifua kikafunguka. Akicheza, damu hutembea, mabega yakalegea, na usiku usingizi ukamchukua. Akiimba na wenzake, hujiona ana watu. Kurekodi hakukupi hayo.

Na msiniambie mnangoja jukwaa. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab, kabla hajakwenda Bombay kurekodi santuri mwaka 1928, alitembeza vyungu vya mama yake huku akiimba. Bi Kidude, naye mwimbaji wetu, aliyetutoka mwaka 2013, alipiga msondo, ngoma ya unyago, hadi uzeeni. Sisi tuliimba tukisuka ukili, tukipiga makumbi, tukipepeta mchele. Mmoja akianza, mwenye msiba wake naye huitikia, machozi yanamtoka na mikono inafanya kazi. Leo kila mtu kaziba masikio na nyimbo zake, nyumba nzima kimya. Inaniuma sana. Kule Pemba ngoma ya kibati inataka mtu mwepesi wa ulimi, ajibu papo hapo ngoma ikienda mbio. Vijana wangapi mnaiweza?

Nanyi wazee wenzangu, lawama hamzikwepi. Mvulana akishika udi, kile kinanda cha nyuzi, mnamwita mhuni. Binti akicheza mbele ya wanawake wenzake mnamsema mtaa mzima. Kisha mnashangaa watoto wamenyong'onyea.

Mengine nayataja tu. Ukiwa na huzuni, anza na wimbo unaofanana nayo, kisha uchangamke taratibu. Mipasho usilale nayo. Usiku punguza sauti, jirani ana mgonjwa. Anayekwambia huna sauti, mwambie bibi karuhusu. Jioni jifunge kanga kiunoni, funga mlango, ucheze.

Lakini huzuni ikikukalia wiki kwa wiki, chakula hakishuki na usingizi hauji, mwambie mzazi mwende hospitali. Kuimba utaimba huku unatibiwa.

Bibi yenu