Chakula kwanza, bia baadaye jamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni wiki ya pili sasa, na kila nikilisimulia naambiwa we nawe, si ndio baa zilivyo. Mi sikubali kwamba ndio zilivyo.

Mi ni mteja wa baa ya mtaani kwa miaka sasa, naenda Ijumaa nikitoka kazini, meza yangu inajulikana, wahudumu nawajua na wao wananijua. Ijumaa ya juzi nilienda na rafiki yangu ambaye kwa kawaida hanywi sana, na wote wawili tangu mchana tulikuwa hatujatia kitu mdomoni. Tumefika saa kumi na mbili na nusu jioni, dada akaja, tukaagiza nyama na bia mbili. Bia zilifika hata sijakaa vizuri. Nyama tukaambiwa dakika ishirini tu bosi wangu.

Zikapita ishirini, zikapita arobaini, naita nauliza naambiwa iko kwenye moto inamalizikia, na kila nikiulizia nyama inakuja bia. Ni hivyo kabisa Mhariri, unamwita mhudumu umuulize chakula anakuja na chupa mkononi, kifungulio kishagusa kizibo, anakuuliza nifungue? na we umekaa na njaa yako, meza iko tupu, unaona aibu kukaa bure kwenye kiti cha watu, unasema haya fungua. Nyama imefika saa mbili. Nje imeungua nyeusi, ndani karibu na mfupa bado ina damu. Wakati huo kila mmoja ana chupa tatu tumboni, na rafiki yangu aliposimama kwenda chooni alishika ukuta mpaka mlangoni. Mtu mzima, baba wa watoto, anatembea anapapasa ukuta na watu wanamwangalia. Niliumia sana kwa sababu ni mimi niliyemleta.

Watu wanasema alikunywa mwenyewe hakulazimishwa. Sawa, lakini hebu tupige hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi chenyewe, hiyo ni kama gramu 20. Ini la mtu mzima kwa wastani linaunguza kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, wengine zaidi kidogo wengine pungufu, kwa hiyo chupa moja tu inalichukua masaa mawili na zaidi. Sasa we umemwekea mtu chupa tatu kwa saa moja na nusu, na kibaya zaidi hana chakula tumboni. Pombe kwa sehemu kubwa inaingia kwenye damu ikishafika utumbo mwembamba, tumbo likiwa na chakula linaizuia inashuka polepole, likiwa tupu inapita moja kwa moja. Ndio maana ya kula kabla ya kunywa, sio mambo ya wazee tu. Na ile ya kumpa mtu kahawa kali au kumwagia maji ya baridi eti pombe itoke haisaidii, ini linakwenda kwa mwendo wake lenyewe. Kwa hiyo nyama iliyoletwa saa mbili ilikuwa imeshachelewa, hata ingekuwa tamu vipi.

Naelewa kwa nini inakuwa hivi. Bia imeshatengenezwa huko kiwandani, kazi ya baa ni kuitoa kwenye friji na kufungua, jiko linataka moto na muda na mtu anayejua kazi. Baa zingine jiko hata sio la mwenye baa, kakodisha mtu mwingine, kwa hiyo kaunta haina habari na jikoni kuna oda ngapi na mhudumu naye hajui, anakuambia dakika ishirini kwa sababu ndio jibu lililozoeleka. Lakini mteja hajui hayo mambo ya mikataba yenu, mteja kakaa meza moja na anataka ukweli mmoja.

Na hiyo nyama yenye damu wasichukulie mzaha. Shirika la Afya Duniani lilishasema chakula kipikwe mpaka ndani kifike nyuzi joto 70, na kilichopikwa kisikae nje bila kuhifadhiwa zaidi ya masaa mawili. Jiko likizidiwa na oda ndio hapo nyama inaunguzwa haraka nje ionekane imeiva, au inatolewa ile iliyolala pembeni tangu mchana inapashwa juujuu. Mteja aliyekunywa tatu hawezi kugundua, atagundua asubuhi.

Halafu bili. Tulikunywa sita, bili ikaja nane. Sisi ushahidi wetu ulikuwa chupa tupu, tulikuwa tunazipanga pale chini kwenye mguu wa meza kwa sababu hiyohiyo, ila katikati ya maongezi dada alipita akasema ngoja niwasafishie hapa, akabeba nne akaondoka. Zimebaki mbili. Kaunta wanasema daftari linasema nane, we mteja utasema nini? Tumelipa. Simwiti yule dada mwizi, siku ile walikuwa wawili kwa meza zaidi ya kumi na nimeona anavyokimbia, inawezekana kabisa zile mbili zilienda meza nyingine zikaandikwa kwetu. Ndio maana naomba, chupa tupu ziachwe mezani mpaka bili ikubalike, au kila chupa ikifunguliwa iandikwe kwenye karatasi inayokaa hapo mezani mbele ya mteja. Ni kalamu na karatasi tu, na inamlinda hata mhudumu mwenyewe maana hasara zikitokea anayekatwa ni yeye.

Vyoo na muziki wa kupasua masikio nitaviandikia siku nyingine.

Wenye baa, ninachowaomba kikubwa ni hiki cha chakula. Mteja akiagiza vyote viwili, mwambieni ukweli jikoni kukoje. Niliwahi kukaa baa nyingine ambapo mhudumu alinijibu, kaka jikoni kuna foleni, itafika saa nzima, nikuletee supu kwanza ushikilie tumbo? Nilikunywa ile supu, bia yangu ya kwanza nikaifungua baada ya nusu saa, nyama ikafika kama alivyosema, na nilikaa pale mpaka usiku nikatumia hela kuliko siku zote nikarudi nyumbani na akili zangu. Baa ya huyo dada haikupata hasara yoyote kwa yeye kuniambia ukweli.

Ijumaa iliyopita nilirudi palepale pa mwanzo, peke yangu, rafiki yangu alikataa kuja na sikumbembeleza. Dada akaja na chupa kama kawaida, kifungulio mkononi. Nikamwambia dada yangu leo niletee maji, bia utaifungua nyama ikishafika mezani. Akanitazama kidogo, akaniuliza yule mwenzako alifika salama? Nikamwambia alifika. Akarudisha chupa kwenye friji akaenda jikoni mwenyewe kuulizia oda yangu.

Mteja wa Ijumaa