Risala ya Klabu ya Sheria kwa Mgeni Rasmi, Wiki ya Sheria

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa hakimu, tunakushukuru kwa kuacha mafaili yako ukaja kutusikiliza. Klabu yetu ina wanachama 31, watoto wa wakulima na wa wafugaji. Hapa Kilosa hilo si jambo dogo. Desemba 2000, kabla yeyote kati yetu hajazaliwa, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Wazee wanaotusimulia hawaanzii kwenye mikuki. Wanaanzia nyuma zaidi: ng'ombe walioingia kwenye mahindi, malalamiko yaliyopelekwa kwa wakubwa yakaozea huko, huku kila upande ukiamini mwenzake ndiye anayebebwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, muhula uliopita tuliigiza kesi ya aina hiyo. Hakimu wetu, mtoto wa mkulima, alimwita mdai "kaka" na mdaiwa "wewe Mmasai". Hukumu yenyewe haikuwa mbaya. Fidia ilifuata hesabu ya bwana shamba. Lakini nusu ya darasa ilishatoka nje kabla hajamaliza kuisoma. Tulipoirudia, aliyepangwa kuwa hakimu alisimama akasema shamba la baba yake limepakana na njia ya mifugo, kwa hiyo anajitoa. Akakaa mwingine. Aliyeshindwa safari hiyo alinung'unika sana, ila alibaki mpaka mwisho.

Ibara ya 107A ya Katiba inaitaka mahakama itende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu kijamii au kiuchumi. Kinachotusumbua ni njia ya kuifikia. Tangu 2021 baraza la kata haliamui tena migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu. Ikishindikana ndani ya siku 30, shauri huenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Mwenye pikipiki hakosi tarehe hata moja. Bibi asiye na nauli, tena Kiswahili chake cha kubabaisha, anaweza kushindwa kwa kutofika tu.

Tuna maombi mawili (majoho tutashona wenyewe). Kwanza, nakala za Katiba, maana tunayo moja na kurasa za katikati zimenyofoka. Pili, utukaribishe mahakamani siku ya kesi ya mifugo, tukae nyuma, tusikie unavyowaita watu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, naomba kuwasilisha.